Utomvu Ukutani

Desemba hii nimepanda tena Uru, kama sisi tulio mbali tunavyopanda kila Krismasi, lakini safari hii sipati mahali pa kutulia. Naingia jikoni, natoka. Naenda kwenye kaburi la shangazi, nyuma ya zizi, narudi kabla sijamaliza hata Salamu Maria moja. Leo asubuhi, ili mikono ipate kazi, nilichukua panga nikaenda kukata mkungu wa ndizi mshare kwa ajili ya mtori, nikasahau kwamba nimevaa blauzi nyeupe ya kanisani. Utomvu ukanirukia kifuani.

"Wifi, hiyo blauzi ndiyo basi tena," mke wa kaka yangu akasema huku akicheka. "Mji umekusahaulisha mgomba?"

Nikajitazama. Hapakuwa na kitu, unyevu tu, kama tone la maji. Ndivyo utomvu ulivyo. Ukiingia hauonekani; unakuja kuonekana baadaye, wakati huna la kufanya. Nikabaki nimesimama kihambani, katikati ya migomba yetu, na panga mkononi, na mawazo yakanirudisha kwenye kanisa dogo la kigango chetu, nilipokuwa bado mwanafunzi wa shule ya msingi.

Ngoja nikueleze huyu shangazi alikuwa nani. Alikuwa dada mdogo wa baba, hakuolewa, na alilala chumba kimoja na bibi na mimi. Alichora tangu akiwa mtoto: kwa mkaa, kwa udongo mwekundu, kwa chochote kilichoacha alama. Siku alipopata kipaimara alimwahidi Mungu kwamba mkono wake wa kulia utafanya kazi yake tu. Alilisema jambo hilo bila majivuno, kama mtu anavyokuonyesha kwamba ng'ombe yule ni wa jirani.

Miaka ile kahawa ilikuwa imeacha kulipa. Watu waling'oa mibuni wakapanda nyanya, na kule Moshi mjini maduka na baa vilifunguliwa kila kona, vyote vikitaka picha ukutani. Mwenye baa mmoja alipanda mpaka nyumbani kwetu kumtafuta.

"Dada, nichoree chupa tu na glasi yenye povu. Kwani chupa ni dhambi?"

"Si dhambi, kaka yangu. Mbege na mimi nakunywa. Ila mkono huu una mwenyewe."

Bibi, aliyekuwa akimenya ndizi, akasema bila kuinua kichwa, "Na huyo mwenyewe mbona haleti hata sabuni?"

Tulicheka sote, mwenye baa naye. Shangazi alicheka kuliko wote, kisha akajitwika majani ya ng'ombe akaenda zake.

Ndipo katekista akamwomba achore ukuta wa nyuma ya altare. Akachagua Bwana Yesu akiwaosha mitume miguu. Alisema watu wa milimani wanaijua miguu yenye tope. Kila jioni baada ya kukata majani aliingia kanisani na makopo yake. Nilikuwa nikimpelekea kiburu, ndizi zilizopondwa na maharage, kwenye bakuli, bado kina moto, na nilipoukaribia mlango nilisikia brashi ikikwaruza ukutani na maji ya mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, yakipita nje. Bluu ilitosha, nyeupe ilitosha. Rangi ya kahawia iliisha kabla ya nyuso na miguu.

Nani angempa nyingine? Akaenda kihambani, akakata shina la mgomba, akakinga utomvu kwenye kibuyu. Alitaka apate weupe uliochanganyika na wekundu kidogo, kama kwenye picha za misale. Akapaka, hakuona kitu. Kesho yake akaongeza. Hakuona kitu, akaongeza tena. Mtu aliyezaliwa chini ya mgomba, aliyeharibu nguo zake zote kwa utomvu, alishindwa kuusubiri. Nadhani ni hamu ya kumpa Mungu kazi iliyokamilika. Picha ilipobarikiwa, nyuso zilikuwa zimepauka kidogo, nzuri, na watu walipiga vigelegele.

Kufika Krismasi zilikuwa nyeusi. Si chafu, nyeusi kama sisi, na miguu ndiyo ilikolea kuliko vyote. Wageni kutoka Dar waliingia kanisani wakashika midomo. "Jamani, Bwana amekuwa Mchagga!" mmoja akasema, na benchi zima likatikisika kwa kicheko.

Lakini jirani yetu, mama aliyetembelea mkongojo kwa sababu ya goti, hakucheka. Alikwenda akaugusa mguu wa Yesu, na alipotoka aliuacha mkongojo pale mlangoni. Kuanzia hapo hakukuwa na utulivu. Watu walikuja kutoka vijiji vya juu, wengine kutoka Kilema, na mishumaa na maua. Wazee wa kigango waligawanyika. Wapo waliosema ni ishara, na wapo waliosema ni kumdhihaki Bwana. Mwishowe wakakubaliana: padre atakapokuja aamue. Ikiwa ni ishara, ukuta utazungushiwa uzio ubaki milele. Ikiwa si ishara, utapakwa chokaa kabla ya Pasaka.

"Wewe kaa kimya tu," katekista alimwambia shangazi uani kwetu, kwa upole kabisa. "Hakuna atakayekutuma useme. Kazi ya mkono wako itabaki."

Wiki ile shangazi hakukaa. Alifagia uani palipokwisha kufagiwa. Alimkamua ng'ombe akamwacha katikati. Bibi alimwekea chakula mara tatu. "Keti, mwanangu. Ule." Hakuketi.

Jumapili padre, mgeni kwetu, alisimama mbele ya picha kwa muda mrefu, kisha akageuka. "Aliyechora yupo?"

Shangazi akasimama. Niliona mkono wake wa kulia umeshika benchi la mbele.

"Ni utomvu wa mgomba, Padre. Rangi iliniishia."

Kisha yule jirani mwenye goti akaanza kulia. "Mae, mwenzangu, umetunyang'anya," akasema. "Ungenyamaza ungepungukiwa nini?"

"Ningebaki na ukuta," shangazi akajibu. "Ila ungekuwa wa kwangu, si wake."

Padre akamshukuru, akaendelea na misa. Wazee walishika neno lao. Shangazi mwenyewe ndiye aliyekoroga chokaa. Walipopaka mara ya kwanza, baada ya siku chache nyuso zilitokeza tena, hafifu, na watu wakaanza kunong'ona upya. Kabla hajaulizwa, akatikisa kichwa: "Ni utomvu. Mnaujua wenyewe. Pakeni tena."

Sijui kama goti la jirani lilirudi kuuma. Jumapili iliyofuata alikuja kanisani na mkongojo wake, akakaa karibu na shangazi, wakaimba kutoka kitabu kimoja.

Shangazi hakupewa ukuta mwingine. Akawa mwalimu wa mafundisho ya komunyo, na kila Jumamosi alituchorea kwa chaki ubaoni: mana jangwani, nyavu za Petro, Zakayo juu ya mti. Tukishatazama, alifuta kwa kitambaa akaandika sala ya kukariri. Sisi watoto tulilalamika. Yeye alikung'uta chaki kwenye khanga yake akasema wa darasa linalofuata nao wanahitaji ubao.

Kanisa lile lilibomolewa zamani. Lililopo lina vigae, na nyuma ya altare pametundikwa turubai lililochapishwa mjini. Hakuna aliyepiga picha ukuta wake, wala ubao wake. Tulimzika mwaka huu kabla ya vuli, na kwenye mazishi nilitafuta kitu chenye mkono wake nikakosa. Ndicho kinachonizungusha, kama unataka kujua. Najiuliza kama alijuta hata siku moja, na siwezi kumuuliza tena.

Wifi alikuwa ameiloweka blauzi kwenye beseni la sabuni. Nimeitoa kabla hajaifua. Nimeitundika kwenye msumari karibu na dirisha, na kila baada ya muda nainuka kwenda kuitazama. Bado haijaonyesha kitu.