Darasa la Kwanza Mara Tatu

Severino, mpagazi wa bandari ya Juba, alikuwa mtu wa haya. Wenzake walimtania kwamba hata gunia huliomba radhi kabla ya kulibeba.

Wiki hiyo, hata hivyo, moyo wake haukutulia. Kerubo, mtafiti kutoka Kenya, aliketi kila siku chini ya banda la mizigo akiwauliza wafanyakazi walisoma miaka mingapi na sasa wanafanya kazi gani. Ikionekana kwamba shule humwinua mtu bandarini, shirika lake lingefungua darasa la watu wazima papo hapo. Severino alikwisha nunua daftari. Alilificha ndani ya furushi lake la nguo, hajaandika hata nukta.

Ijumaa asubuhi akipita na gunia la mtama, alimsikia Kerubo akimwambia Linus, msaidizi wake, "Mambo yameharibika. Waliosoma miaka kumi na mmoja wanabeba magunia sawa na wasiosoma kabisa. Ripoti inaenda saa sita. Darasa ndiyo basi."

Kumi na mmoja! Hiyo ilikuwa miaka yake. Severino alilitua gunia, akamwendea Kerubo.

"Madam, samahani."

"Sema, kaka."

"Hiyo kumi na moja ni ya kukaa tu. Darasa la kwanza nimelisoma mara tatu. Vita vikija tunakimbia, tukifika kambini wananiambia anza tena la kwanza. Nimeishia la sita."

Jok, mpagazi mwenzake, akaangua kicheko. "Mara tatu! Kumbe wewe ni profesa wa darasa la kwanza!"

"Na wewe Jok, ulimwambia miaka mingapi?" Severino akamuuliza.

"Tisa."

"Ukaishia wapi?"

Kicheko kilikatika. "La tatu," Jok akanong'ona.

Kerubo alijipiga paji la uso. "Wiki nzima nimeuliza swali baya!"

"Na ripoti ya saa sita?" Linus akauliza.

"Ingoje! Kaka, Kiarabu cha Juba sikijui vizuri. Waulize wote walimaliza darasa gani."

Basi yule mwenye haya akapanda juu ya magunia, akapaza sauti hadi watu wa kwenye matishari mtoni wakageuka. Majibu yakamiminika, Linus akiandika mbio mbio. Kufika alasiri ukweli ulikuwa wazi: waliomaliza la nane kwa kweli walikuwa sita tu, na hakuna hata mmoja wao aliyebeba gunia. Wao ndio waliokuwa wakisoma orodha za mizigo na kusimamia zamu.

Kerubo alituma ripoti, akalipigia shirika lake simu. Alizunguka banda akisikiliza, kisha akarusha mkono juu.

"Wamekubali! Jumatatu tunaanza! Nani ana karatasi, tuandike majina?"

Severino alikuwa tayari anakimbia. Alirudi akihema, akafungua ukurasa wa kwanza wa lile daftari na kuandika jina lake taratibu, kwa herufi kubwa. Kisha akampa Jok kalamu.