Zulia la Gunia la Tumbaku

Leo nimefumua gunia kuukuu la tumbaku, na ile harufu imenirudisha kwetu.

Nilikuwa mtoto mwenye kichwa kigumu. Kwa nyuzi za gunia kama hili na vipande vya vitenge nilifuma zulia langu la kwanza, nikataka walikalie wakwe waliokuja kumposa dada.

"Linanuka, weye! Utatuaibisha," shangazi alisema.

Nikalitandika hivyo hivyo. Bibi mmoja miongoni mwa wageni, mpenda ugoro, akaketi, akavuta pumzi ndefu, akakataa kiti.

"Nani kafuma hili?"

"Ni mimi. Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Basi hapa sibanduki."

Shangazi akatazama pembeni. Walipoondoka, mama alilikunja mwenyewe, akalifungia kwenye sanduku la vitu vya kutandikia wageni.