Majengo ya Mjomba na Mpira wa Maji

Kama hupendi maneno, usikae karibu na mimi garini tukitoka Lushoto mjini kupanda Lukozi. Kila kona nitakugusa bega. Lile soko dogo ambalo bati lake limeinama mpaka mvua inaangukia mbali na bidhaa za watu, mjomba wangu huyo. Ule msikiti wenye ukumbi wa kuvulia viatu mahali pasipofika upepo, mjomba. Ukumbi wa akina mama wa Kilutheri, mjomba, na yeye ni Mwislamu, na akina mama walimpikia siku ya kuufungua. Hata Bulwa, ambako sisi wa huku inatubidi tushuke mpaka barabara kuu ndipo tupande milima mingine, kuna nyumba za wachuma chai alizochora yeye. Niliwahi kuyahesabu majengo yake, nikachoka nikaacha.

Ni kaka yake mama. Alisomea usanifu wa majengo Dar es Salaam, halafu akarudi, na hilo ndilo lililowashangaza watu. Wengi wetu wakishaondoka hurudi kwa msiba tu. Yeye alirudi na meza yake ya kuchorea, akaiweka dirishani nyumbani kwa bibi, akaanza. Jengo la mjomba unalitambua kwa kibaraza. Kila alilochora, hata stoo ya mbolea, lina kibaraza cha kukalia kilichojengwa pamoja na ukuta wa mbele. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Huku kwetu mtu anafika akiwa amepanda kilima. Kwanza akae, apumue, halafu ndiyo aseme shida yake."

Mimi nilirudi nyumbani nina miaka thelathini na ushee, ndoa imenishinda, hasira zimenijaa mpaka kooni. Mjomba akaniambia, "Acha kununa, mpwa wangu. Njoo unishikie mpira."

Mpira wenyewe ni bomba la plastiki linaloonyesha ndani, refu kama kamba ya kufungia ng'ombe mara kumi. Unalijaza maji. Mmoja anashika ncha hii, mwingine anashika ncha ile, na hata mteremko uwe mkali vipi, maji ya ncha zote mbili yatasimama kimo kimoja. Hapo unapiga alama kwenye kigingi. Mafundi wote wanautumia, na huku milimani, ambako uwanja wa tambarare hata wa kuchezea watoto hupati, usipoujua mpira wa maji hujui kujenga. Mjomba alikuwa na vifaa vya kisasa, lakini kabla ya kuchimba alirudi kwenye mpira wake. Tatizo lilikuwa macho. Yalishaanza kumchoka, mstari wa maji hauoni vizuri. Basi nikawa mimi ndiye ninayesoma. Akinitambulisha kwa watu alisema, "Huyu ndiye macho yangu." Loo, nilivyokuwa navimba! Mwanamke aliyerudishwa kwao na sanduku moja, leo ni macho ya mtu anayeheshimiwa wilaya nzima.

Mpira una sheria moja: subira. Maji yakiguswa yanapanda na kushuka, yanapanda na kushuka, na lazima ungoje mpaka yatulie kabisa. Ukishasoma, unarudia upya ndipo upige alama. Mjomba hakuwa na mzaha na kurudia.

Siku yenyewe tulikuwa kijiji kimoja juu huko, sitakitaja, tunapima kiwanja cha wodi ya wazazi ya zahanati. Ilikuwa asubuhi ya baridi ile inayoingia kwenye kucha. Ukungu ulikuwa umeshuka hata mjomba simwoni, yuko kona ya mbele na mimi kona ya nyuma, chini ya kilima palipokatwa. Tulikuwa tunaitana tu. "Yametulia?" "Bado!" "Yametulia?" "Bado!" Tangu alfajiri sijala kitu, na asubuhi hiyohiyo mjomba alikuwa amenigombeza mbele ya mafundi kwa sababu nilisahau chaki. Nilikuwa na hasira naye. Kilikuwa kigingi cha mwisho, kile cha kuonyesha mfereji wa nyuma ushuke upande gani. Maji bado yanacheza. Niliyaona kwa macho yangu haya yanacheza.

"Yametulia?"

"Yametulia!"

"Umerudia?"

"Nimerudia, mjomba! Tutakufa na baridi hapa!"

Nilisikia akicheka kule kwenye ukungu. Akasema haya, piga alama, twende tukanywe chai.

Nimeyasema haya mara nyingi kichwani mwangu, na kila mara natafuta mahali pa kujipunguzia. Sijapaona.

Wodi ilijengwa ikawa nzuri. Madirisha makubwa ya kupokea jua la asubuhi, vitanda sita, kibaraza kirefu mbele cha wanaosubiri. Masika ya kwanza nilipita pale, nikazunguka nyuma. Maji yalikuwa yamejaa mfereji mzima, hayaendi popote. Mfereji ulikuwa umeinamia ukutani badala ya kuinamia bondeni, vidole viwili hivi, lakini maji hayahitaji zaidi ya hapo. Nesi akatoka akaniuliza, dada, haya maji ni kawaida? Nikamjibu, "Yatakauka." Nikaondoka haraka.

Masika ya tatu kona ya nyuma ilititia. Ufa ulianza kwenye msingi, ukazunguka ukuta, ukatokea mbele na kukipasua kibaraza katikati. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu kila siku. Lakini wodi ilifungwa. Wajawazito wakaanza kushushwa mjini kwa bodaboda, na barabara yetu mnaijua. Jirani yangu mmoja alijifungulia kwenye kona ya barabara, kwenye majani, mvua inanyesha. Yeye na mtoto wako salama. Watu wakikisimulia kisa hicho hucheka, ila yeye hacheki.

Mjomba alipokwenda kuangalia, ardhi ilikuwa imeshatitia na mfereji umetitia nao, hakuna wa kujua kipi kilianza. Mkutano wa kijiji ukaitwa. Maneno yakasemwa, mengine ya kuuma, kwamba msomi anachora mapambo na msingi haujui. Alisimama akavua kofia. "Kosa ni langu," akasema. "Udongo wa pale sikuuelewa." Akakaa. Mimi nilikuwa safu ya tatu, midomo imegandamana kama imeshonwa.

Tangu siku hiyo hakuchora tena. Waliokuja kutaka ramani, hata wa choo cha shule, aliwarudisha. Meza ya dirishani ikawekewa vitunguu. Na kila masika, kwa miaka minne, alipanda kule kwenye wodi iliyofungwa, akazunguka ukuta, akachuchumaa, akachukua udongo akausugua mkononi, akatikisa kichwa. Mimi nilikwenda naye. Nilimshikia mwavuli.

Mwaka jana, vuli ikiwa inaanza, mwenyekiti wa kijiji kile alikuja nyumbani na yule nesi. Baada ya shikamoo na marahaba wakasema wamepata msaada wa kujenga wodi mpya, kiwanja cha jirani, na wanamtaka yeye. Kijiji kimekaa, kimekubaliana, hawamtaki mwingine. Nilikuwa namimina chai. Nikaimwaga kwenye sahani.

Mjomba aliwasikiliza hadi mwisho. Akasema, "Nawashukuru sana. Lakini tafuteni kijana. Mimi sijiamini tena. Nikifumba macho naiona ile kona, na sijui nilikosea wapi. Mtu asiyejua alikosea wapi atakosea tena palepale."

Nesi alimbembeleza. Alisema akina mama wanateseka, mzee wangu, nionee huruma mimi ninayewapandisha kwenye pikipiki. Mjomba akatikisa kichwa tu. Wakainuka, wakaaga, wakashuka njia ya migombani.

Nikaweka birika chini. Nikamwambia yote, nimesimama, kwa sababu ningekaa ningelia, na sikutaka anionee huruma. Ukungu, baridi, ile chaki, maji yaliyokuwa bado yanacheza. Nikamwambia nilisema nimerudia na sikurudia. Nikamwambia na masika ya kwanza, nilivyoona maji yamesimama nikasema yatakauka.

Nilingoja anitukane, na ningefurahi.

"Miaka minne," akasema taratibu. "Miaka minne nimepanda kule kutafuta kosa langu. Na wewe ulikuwa unanishikia mwavuli."

Nikasema ndiyo, mjomba.

Aliondoa vitunguu mezani, kimoja kimoja, akavitia kwenye kikapu. Akachukua kitambaa akafuta vumbi. Halafu akaniambia nikimbie nikamwite mwenyekiti kabla hajafika barabarani. Nilikimbia, wallahi, nikiwa na kandambili mguu mmoja. Niliwakuta kwenye daraja. Nesi alinikumbatia kama mimi ndiye niliyeleta habari njema, na sikuwa na nguvu ya kumweleza pale darajani. Nilimweleza baadaye, na mwenyekiti pia, na nikasimama mkutanoni nikasema mbele ya kijiji kizima. Walionizomea walikuwa na haki. Jirani yangu yule aliyejifungulia kwenye kona hajanisalimia mpaka leo, na njia yetu ni moja.

Kiwanja kipya tulikipima mwezi uliofuata. Nasema tulikipima, lakini mimi nilibeba vigingi. Mjomba alichora kama zamani, madirisha ya jua la asubuhi, kibaraza kirefu mbele. Ukungu ulishuka siku hiyo pia. Ncha ya pili ya mpira alimpa nesi, akamfundisha mara moja, akaenda kwenye kona yake asikoonekana.

"Yametulia?" nikamsikia akiita.

"Bado, mzee!"

"Sawa, mama. Hatuna haraka."

Nilisimama katikati yao na vigingi mikononi. Wodi hiyo mpya sasa inapauliwa, na mfereji wake nimeumwagia ndoo kwa ndoo, maji yanakwenda bondeni. Mjomba anaongea na mimi vizuri tu. Ananiuliza nimekula, ananituma misumari, siku nilipougua alinijia na uji. Wageni wakija kuona kazi, anawatambulisha mafundi wote mmoja mmoja, na akifika kwangu anasema, "Na huyu ni mpwa wangu, ananisaidia."

Anaishia hapo.