Fundi Aliyeacha Kuomba

Mume wangu ni fundi cherehani, na zamani alikuwa msumbufu mbele za Mungu. Sitanii. Wenzake huomba amani duniani, yeye aliomba vifungo. Kifungo kikidondoka chini ya meza ya kukatia, utamsikia: "Baba, kile cha kijani kimekwenda wapi tena?" Mkanda wa cherehani ukikatika, anaomba. Mteja akichelewa kufuata suti yake, anaomba, tena kwa sauti, mpaka wapita njia wanachungulia dirishani kuona anagombana na nani. Nilikuwa namwambia, "Wewe mzee, mpumzishe Mungu kidogo, ana wagonjwa." Ananijibu, "Wagonjwa wana zamu yao, na mimi nina yangu."

Laiti ningejua kwamba nitakuja kuutamani usumbufu ule, nisingefungua mdomo.

Binti yetu, kitinda mimba, aliugua figo. Kwa wiki kumi na moja tulishinda kwenye benchi la wodi, na wiki zote hizo baba yake aliomba mpaka sauti ikamkauka. Mtoto alifariki siku ya Jumanne asubuhi, akiwa amemshika baba yake kidole. Tangu siku hiyo, miaka sita sasa, mume wangu hajaomba hata sindano. Kanisani anakwenda, tena shati limenyooshwa vizuri. Watu wakisimama anasimama, wakikaa anakaa. Lakini ikianza sala ya Bwana, yeye kimya. Nasimama ubavuni kwake nawasikia watu wote isipokuwa yeye, na jamani, inauma. Alikuwa na sauti nzito, ya chini, nilikuwa naisikia begani kabla haijafika masikioni. Niliitamani sauti ile kuliko chakula.

Basi mwaka huu macho yakaanza kumtupa mkono. Hakusema. Wanaume hawa! Nilijua tu nilipomwona anatunga uzi kwa kupapasa, na wiki iliyofuata akashona mfuko wa shati la shule kwa ndani. Mama wa mwanafunzi alipolifuata alicheka mpaka akakaa chini. "Fundi, mwanangu kalamu akaifiche tumboni?" Fundi naye akacheka. Mama yule alipoondoka, akachukua wembe afumue mfuko, akalichana na shati lenyewe.

Niliiweka pasi chini nikamkabili palepale.

"Huoni wewe."

"Naona."

"Nimeshika vidole vingapi?"

"Usinifanye mtoto, mama."

"Basi twende ukapimwe. Na umwombe Mungu, kama ulivyokuwa unaomba."

Aligeuza uso kuelekea nilikosimama. "Unadhani naogopa kwamba hatanipa?"

"Sasa unaogopa nini?"

"Naogopa atanipa. Nilimwomba mtoto akaninyima. Leo nimwombe macho ya kutungia uzi, anipe? Nitamtazamaje? Macho anayo ya kunipa, mtoto hakuwa naye?"

Mimi si mtu wa kukosa jibu, waulize mawifi zangu. Nilivuta kigoda nikakaa karibu yake, nikamwambia jambo nililokuwa namficha. Kwamba mimi miaka yote hii naomba. Naomba chumvi isiishe kabla ya mwisho wa wiki. Naomba mvua isubiri nianue nguo. Mara nyingi napata, na kila nikipata naingia chumbani nalia, kwa sababu hiyohiyo yake: haya madogo unanipa, na lile je?

"Kumbe na wewe umemkasirikia," akasema.

"Sana. Namwambia kila siku. Nikishamwambia naomba chumvi. Ulitaka niende kwa nani mwingine?"

Mtu mmoja akapiga hodi, anataka kubadilishiwa zipu ya suruali, nikamwambia arudi kesho bila hata kumtazama usoni. Fundi alichukua sindano. Akalowesha ncha ya uzi kwa ulimi, akajaribu, ukapita pembeni. Akajaribu tena. Mara ya nne ukapita pembeni tena. Ningeweza kumtungia, vidole vilikuwa vinaniwasha, lakini nilijizuia. Akaviweka vyote mezani, sindano huku, uzi kule, akaacha viganja wazi juu ya kitambaa.

"Baba," akasema. Sauti ilikuwa imeparara, lakini ilikuwa ni ile. "Sioni. Nisaidie."

Nilishika ukingo wa meza. Nilidhani amemaliza.

"Na mwanangu nilimtaka," akasema. "Mpaka leo namtaka."

Hakufika kwenye amina. Nikaisema mimi.