Njia Saba za Korosho

Kwa miaka kumi na mmoja Oliva alikuwa akilinda lango ambalo hakuna mtu aliyewahi kuliona. Halikuwa na bawaba wala komeo. Lilikuwa programu ndani ya kompyuta, kwenye ofisi ya vyumba viwili mjini Songea, na kila uzito uliopimwa kwenye maghala ya wakulima ulipita humo kwenda kwenye orodha ya mnada. Kila mzani ulikuwa na njia yake na ufunguo wake wa siri. Mzani ukigoma, aliyepigiwa simu ni Oliva. Alipigiwa akiwa kanisani, akiwa msibani, akiwa amejipaka sabuni bafuni kwake Ruhuwiko. Likizo aliisikia kwa wenzake.

Mwaka huu bosi wake, Baltazar, akamletea msaidizi: akili mnemba inayopokea maagizo kwa Kiswahili na kuyatekeleza yenyewe. Mafundi waliokuja kuifunga hawakujisumbua kuitengenezea kifaa tofauti kwa kila kazi. Waliipa kifaa kimoja cha kazi zote, kilichoweza kufika kila sehemu ya usimamizi wa lango: kusoma, kuongeza, kubadilisha, kufuta. Breki ilikuwa moja tu. Kabla ya kugusa chochote ilibidi iulize, na Oliva akubali.

Nayo iliuliza, jamani! Iliuliza kuliko mtoto wa miaka minne. Niongeze njia hii? Nibadilishe kikomo hiki? Wiki ya kwanza Oliva alisoma kila swali mpaka mwisho. Wiki ya tatu alisoma mstari wa kwanza. Kufikia Agosti kidole chake kilikuwa kinakubali kabla macho hayajafika, na mtu asimlaumu kama hajawahi kukaa kwenye kiti kile.

Agosti hiyo ndipo alipoiambia ifanye usafi, iondoe njia zilizokaa kimya siku tisini. Ikaja na orodha ya njia saba, zote za Tunduru kwenye korosho, na swali lake la kawaida. Oliva alizaliwa Maposeni, mtoto wa mahindi. Kwao mwezi wa nane mizani hupima magunia kutwa, na njia iliyonyamaza mwezi huo ni njia iliyokufa. Korosho hulala mpaka Oktoba. Hilo alilijua vizuri kabisa, ila siku hiyo alikuwa amechoka. Akabonyeza "Kubali zote", akaenda kuchemsha chai.

Mwishoni mwa Oktoba, siku ya kwanza ya kupokea korosho, simu ikaita saa mbili asubuhi. Alikuwa Alfani, karani wa mzani kule Nakapanya, Tunduru.

"Dada Oliva, mzani unapima ila haupeleki. Watu wamejaa hapa tangu alfajiri, na orodha si inafungwa saa sita?"

Inafungwa saa sita kamili. Gunia lisilokuwemo lingengoja mnada wa wiki inayofuata, na ghala halipokei gunia ambalo uzito wake haujafika. Lingengoja nje, na mwaka huu mvua zilikuwa zimeanza mapema. Korosho ikilowa, daraja linashuka.

Oliva akaitafuta njia ya Nakapanya, asiione. Akaiuliza akili mnemba imekwenda wapi. Ikamjibu kwa adabu zake zote: ilifutwa Agosti, kwa idhini ya Oliva.

Njia zenyewe ilizirudisha kwa dakika mbili, maana ilikuwa imeweka nakala. Funguo hazikuwa na nakala. Ilibidi zitolewe mpya, na kila karani aandike wake kwa mkono kwenye mzani, herufi arobaini, kubwa na ndogo, akisomewa na Oliva kwa simu. Alfani alikosea, wakaanza upya, akakosea tena. Kisha simu yake ikaisha chaji kwenye herufi ya thelathini na moja. Mpaka anapata simu ya kuazima, Oliva alikuwa ameshamaliza maghala mengine sita, na saa sita imepita.

"Waambie mtandao ulisumbua," Baltazar alisema nyuma yake. "Si ndivyo tunavyosema siku zote?"

Ndivyo walivyosema siku zote, na Oliva kuliko wote. Lakini hata uongo unataka nguvu, naye hakuwa nazo.

"Alfani, weka spika," alisema. Kisha akavuta pumzi. "Baba zangu, mama zangu, mtandao ni mzima. Njia yenu ilifutwa, na aliyeruhusu ni mimi. Niliruhusu bila kusoma. Nisameheni."

Ikasikika sauti ya mwanamke mtu mzima.

"Mimi Zabibu. Miaka yote tunaambiwa mtandao, mtandao. Kumbe mtandao ni mtu, tena hata shikamoo hatoi."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sasa kama wewe uliruhusu, aliyefuta ni nani?"

"Ni kompyuta, mama. Inafanya kazi kwa niaba yangu."

"Haya. Magunia yangu tisa yako nje, wingu limeshafunga, na turubai sina. Utakuja kuyafunika wewe, au utamtuma huyo wa niaba yako?"

Songea hadi Nakapanya ni safari ya nusu siku. Machozi yakamtoka Oliva mbele ya bosi wake, wala hakujificha. Ndani ya simu matone ya kwanza yalikuwa yanagonga bati la ghala, na watu wanaitana, wanakimbia. Songea jua lilikuwa linawaka.