Dismas na Kichwa cha Mume Wangu

Siku hizi Dismas anazunguka Ruiru kwenye machimbo, nyumba kwa nyumba, kwa watu walioangukiwa na mawe kichwani. Wake zao wanamtukana. Wacha wamtukane, hata mimi nilimtukana. Mtu mzima ametoka Bungoma, amefundishwa kazi ya hospitali, halafu anakaa mbele ya mume wangu anamwambia apange njiti za kiberiti! Nilimuuliza, "Wewe, hii ni dawa ama mchezo?"

Akacheka. "Ni kupima, mama Otieno. Jeraha la nje limepona. La ndani silioni."

Huo ulikuwa mwaka wa hamsini na saba, shamba la makonge upande wa Gatuanyaga. Jared, mume wangu, alikuwa akilisha majani ya makonge kwenye mashine ya kuyasaga yatoe nyuzi. Siku moja toroli ikapinduka kwenye reli, chuma kikampiga kwenye kipaji cha uso. Alilala hospitali hajitambui, hata nikaanza kumlilia kama maiti. Lakini alirudi. Anaongea, anatembea, anakula. Nikamshukuru Mungu, na mengine niliyoyaona nikayanyamazia.

Kunyamaza kwangu kulikuwa na sababu. Nyumba ya laini, hizi za shamba, ni ya mtu wa kazi. Asiye na kazi anafungasha vitu arudi kwao. Na yule daktari mzungu wa Nairobi, aliyekuwa akitafiti watu walioumia kichwa, alishasema Jared amepita vipimo. Mume wangu alihesabu namba kurudi nyuma, akataja picha zote, akapanga njiti. Jumatatu arudi kwenye mashine.

Dismas, msaidizi wa daktari huyo, ndiye aliyekataa kutulia. Kila jioni yuko mlangoni, kofia mkononi.

"Mama, nyumbani yukoje?"

"Yuko sawa."

"Hakuna kitu kimebadilika?"

"Nimesema yuko sawa! Una masikio wewe?"

Kesho yake huyo tena. Yawa, mtu kichwa ngumu namna hiyo sijaona!

Jumamosi mama yangu akafika kutoka Alego. Alifikia kwa Nelima, jirani yetu, maana kwetu mama halali kwa mkwewe, wala mkwe hali mbele yake. Jared zamani akimwona mama kwa mbali alikuwa anaingia hata ndani ya makonge, achomwe na miiba, ili tu wasikutane. Siku hiyo Dismas alikuja kama kawaida yake, akanikuta uani kwa Nelima. Mara Jared naye akatokea. Akaenda moja kwa moja kwa mama, akaketi kwenye mkeka wake, bega kwa bega, akamega ugali kwenye sahani yake. Anatafuna huku anamchekea, anamwambia amenona.

Mama akajifunika uso kwa leso. Nelima akakimbilia ndani. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Dismas ni Mbukusu. Kwao pia mama mkwe anakimbiwa. Hakucheka. Alinivuta kando, akasema polepole, "Mama, njiti alipanga vizuri. Lakini kile kinachomwambia mtu 'ngoja kwanza', hicho kimeumia. Na ile mashine inataka mtu wa kungoja. Akipeleka mkono, haitamuuliza."

"Na nyumba?" Machozi yalikuwa yananitoka.

"Nitamwombea kazi ya kuanika nyuzi. Siwezi kukuahidi. Lakini mimi peke yangu hawatanisikia. Wewe ndiye unaishi naye."

Jumatatu asubuhi tukasimama ofisini, mbele ya daktari na meneja wa shamba. Jared ameketi, anatabasamu. Dismas akaeleza yote. Meneja akasema mambo ya wakwe ni ya kienyeji, mtu anaongea vizuri, aende kazini.

Dismas hakusogea. "Bwana, msikilize mke wake kwanza."

Nikasema. Mbele ya Jared mwenyewe nikasema mume aliyenioa hajarudi kutoka hospitali. Huyu ana sura yake na sauti yake, lakini simjui, na wakimpeleka kwenye ile mashine, huo mkono nitauzika mimi.

Daktari akazisukuma kando karatasi zake za vipimo. Halafu akamwambia meneja huyu asikaribie mashine. Meneja akanung'unika, akakubali aanike nyuzi.

Tulipotoka nje, Jared alikuwa ameacha kutabasamu. Akanishika mkono.

"Apiyo," akaniuliza, "huyo aliyekuoa alikuwaje?"

Nikaketi naye pale kwenye ngazi za ofisi, nikaanza kumweleza.