Nahodha Niliyemfanya Mpika Chai

Sikumaliza darasa la saba, lakini Manundu nzima ilinijua. Banda la video nililijenga mwenyewe, mabenchi nikayapiga misumari mwenyewe, na sauti iliyotafsiri filamu za Kizungu ilikuwa yangu. Kiingereza sikijui. Nilitazama midomo na mikono ya waigizaji, nikakamata maiki, nikawapa maneno. Watu walitoka mbali, hata Kerenge, kuja kunisikia.

Nilikuwa na dada mmoja wa kukata tiketi, kamaliza kidato cha nne. Projekta ikizimika, ndiye aliyeifungua, akaitengeneza na kuiwasha. Jumamosi moja mchana nikaweka filamu ya watu wanaoishi kwenye chombo cha angani. Mwanamke alikuwa mmoja tu, kavaa nguo ya kubana, wanaume wamemzunguka. Nikampa sauti nyembamba: "Mabosi, chai tayari." Banda likacheka.

Watu walipotoka, yule dada akaniambia, "Bosi, yule si mpika chai. Ndiye nahodha. Anawaambia chombo kinavuja, wao wanambishia."

"Nahodha gani anavaa vile?"

"Waulize waliomvalisha. Wanaume wamepewa makoti ya kazi, yeye kapewa ngozi ya nyoka. Hata roboti wa kubeba vinywaji wamemtengeneza mwanamke. Halafu na wewe unamwongezea birika."

Nikacheka. Akaomba maiki, filamu moja tu. Tiketi zilimchosha, alitaka kazi ya kutafsiri. Nikamwambia Jumamosi ijayo, nikijua atatetemeka.

Hakutetemeka. Akairudia filamu ileile. Wahuni wa benchi la nyuma wakaanza: "Dada, chai iko wapi?" Naye kwa sauti ya nahodha: "Meza mate kwanza, chombo kinavuja." Wakacheka, kisha wakanyamaza. Ukimya ule sijawahi kuupata. Mimi watu walinicheka, yeye walimsikiliza. Ndani ya banda langu, juu ya mabenchi yangu.

Nikaenda nikachomoa waya wa maiki. Nikatangaza mashine imeharibika. Nasema hivyo mbele ya fundi wa mashine yenyewe.

Akaweka maiki chini, akarudi mlangoni kwenye tiketi zake. Nikachomeka waya, nikaendelea mimi. Nahodha akarudi kwenye birika, lakini safari hii hawakucheka. Mzee mmoja wa mbele akauliza, "Sasa chombo kimepona au hakikupona?" Nikaongeza sauti ya filamu.

Jumatatu yule dada alirudisha funguo, akaniamkia vizuri kama siku zote, akapanda basi la Handeni. Sijamwona tena.

Leo nina nyumba tatu za kupangisha, na banda ni stoo ya mahindi. Filamu ile bado ninayo kwenye flashi. Karibu na mwisho, yule mwanamke anasimama mbele ya wale wanaume, anazungumza muda mrefu, nao wameinamisha vichwa. Nimeirudia mara nyingi sehemu hiyo. Sijui anawaambia nini.